Riba na Nyumba Tunazozijenga

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyetuumba kwa udongo, kisha akatutandazia ardhi tukae juu yake, tulime na tujenge. Tunamhimidi, tunamwomba msaada na msamaha, na tunajikinga kwake na shari ya nafsi zetu na ubaya wa vitendo vyetu. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, asiye na mshirika, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake, masahaba zake, na wote wanaowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, naiusia nafsi yangu, kisha nawausia ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu katika ibada zenu na katika mali zenu. Mja ataulizwa juu ya mali yake maswali mawili: ameichuma wapi, na ameitumia katika nini. Maswali yote mawili yanahusu jambo tutakalolizungumza leo, nalo ni nyumba, pamoja na fedha zinazojenga nyumba.

Ndugu Waislamu, kuwa na nyumba ni neema kubwa. Nyumba ni sitara ya mke na watoto, ni mahali pa kusalia sala za usiku, na kwa watu wengi wa mji huu ni akiba ya uzeeni. Mtu wa Mwananyamala, wa Tandika au wa Mbagala akipata fedha zaidi ya chakula cha siku, wazo lake la kwanza ni kununua kiwanja. Akipata nyingine hununua tofali, kisha nondo, kisha mabati. Hujenga ile nyumba tuijuayo sote, yenye ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, na uani kuna jiko na choo. Yeye na watu wake hukaa katika chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki hupangisha. Kodi ya vyumba hivyo humlisha anapokuwa hana tena nguvu za kwenda kazini. Hilo ni jambo jema, na sheria ya dini haina neno nalo, kwa kuwa mwenye nyumba anatoa manufaa ya kweli na mpangaji analipa kwa manufaa anayoyapata.

Nyumba nyingi za mji wetu zimejengwa kwa njia hiyo, bila mkopo wowote wa benki. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, likajenga nyumba katika maeneo kama Magomeni, Kinondoni na Temeke, lakini watu walikuwa wengi kuliko nyumba. Mwaka 1972 ikaundwa Benki ya Nyumba Tanzania ili iwakopeshe wananchi fedha za kujengea. Benki hiyo ilifungwa mwaka 1995, na kwa miaka mingi baada ya hapo mwananchi wa kipato cha kawaida hakuwa na mahali pa kwenda kukopa fedha za nyumba. Akajenga polepole, tofali juu ya tofali, pengine kwa miaka 10 au 15. Kuta nyingi zilisimama misimu kadhaa ya mvua zikingoja paa.

Kisha mlango wa mikopo ukafunguliwa upya. Mwaka 2008 ilitungwa sheria maalumu ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya kuzipa benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hiyo. Tangu hapo benki nyingi zimetangaza mikopo ya kununua, kujenga na kukarabati nyumba. Taarifa za Benki Kuu zimekuwa zikionyesha kwamba riba ya mikopo ya nyumba, iliyokuwa ikifikia asilimia 22 na zaidi mwaka 2010, ilishuka baadaye ikawa kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Mbali na benki, wamezuka wakopeshaji wadogo katika kila mtaa, wenye ofisi na wasio na ofisi.

Vijana wetu wanaposikia maneno hayo huuliza, "Je, nisubiri miaka 15 ndipo nipate paa, au nikope leo nijenge, na kodi ya wapangaji ilipe deni?" Ni swali la haki. Yafaa tulijibu kwa dini na kwa hesabu pia, maana Mwenyezi Mungu hakutukataza jambo ila lina madhara, na madhara mengine huonekana hata kwa kalamu na karatasi.

Tuanze na hesabu. Tuseme mtu amekopa shilingi milioni 20 ili ajenge nyumba ya vyumba sita vya kupangisha, kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, alipe kwa miaka 15. Kila mwezi atatakiwa alipe kiasi cha shilingi 307,800. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, riba peke yake ni shilingi 283,000 na zaidi, na kinachopunguza deni lenyewe hakifiki shilingi 25,000. Ndiyo maana mtu hulipa mwaka mzima, akaenda kuuliza deni lake, akaambiwa kwamba limepungua kidogo sana. Hakuibiwa, bali ndivyo hesabu ya riba inavyokwenda. Mpaka amalize miaka 15 atakuwa amelipa kiasi cha shilingi milioni 55 na laki nne. Alichukua nyumba moja, akalipia gharama ya nyumba mbili na robo tatu.

Na riba haikai mahali pamoja. Kama mkopo huo ungekuwa wa asilimia 15, malipo ya mwezi yangekuwa kiasi cha shilingi 279,900. Kama ungekuwa wa asilimia 19, yangekuwa kiasi cha shilingi 336,600. Tofauti ni karibu shilingi 56,700 kila mwezi, na kwa miaka 15 inapita shilingi milioni 10, hali nyumba ni ile ile, na tofali ni zile zile. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania imekuwa ikitangaza kiwango kinachoitwa Riba ya Benki Kuu. Kilianza kwa asilimia 5.5, kikapandishwa hadi asilimia 6 mwezi wa Aprili mwaka huo, kisha Julai 2025 kikashushwa hadi asilimia 5.75. Kiwango hicho huongoza bei ya fedha ambazo mabenki hukopeshana kwa muda mfupi. Juu yake kila benki huongeza gharama zake, hofu yake ya kutolipwa, na faida yake, na hapo ndipo asilimia 5.75 inapoishia kuwa 15 au 19 kwa mjenzi wa Chamazi. Mkataba ukisema kwamba riba inaweza kubadilika, basi mjenzi ameahidi kulipa kiasi asichokijua.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe. Tuseme kila chumba kinapangishwa kwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Vyumba sita vikijaa vyote, bila mwenye nyumba kukaa hata kimoja, kodi ni shilingi 300,000. Marejesho ni 307,800. Nyumba imejaa watu, na bado mwenye nyumba anatoa shilingi 7,800 mfukoni mwake, kabla ya kununua bati moja wala kuzibua choo. Vyumba vitatu vikikosa wapangaji, kodi inakuwa shilingi 150,000, na mwenye nyumba anatafuta shilingi 157,800 kutoka kwingine. Mkopeshaji hana habari ya vyumba vitupu. Mvua za masika zikiezua paa, mkopeshaji hana habari ya paa. Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko yaliwakumba watu wa bonde la Msimbazi, na wengi wao Serikali ikawahamishia Mabwepande. Nyumba zilizama, lakini deni halizami.

Hapa, ndugu zangu, ndipo tunapoona kwa macho ile tofauti ambayo Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Sura al-Baqara, aya ya 275. Walikuwapo watu waliodai kwamba biashara na riba ni kitu kimoja. Mwenyezi Mungu akakanusha madai yao, akatujulisha kwamba Yeye amehalalisha biashara na ameharamisha riba. Watu wa leo nao husema, "Mwenye nyumba anatoza kodi, benki inatoza riba, kuna tofauti gani?" Tofauti ni hii. Mwenye nyumba anapata kodi kwa sababu nyumba ni yake: ikiungua imeungua yake, ikikosa mpangaji amekosa yeye. Mtoza riba amekwisha jitenga na nyumba. Anataka pato la nyumba bila kubeba hasara ya nyumba. Mafakihi wameweka kanuni, waliyoitoa katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.), kwamba pato hufuatana na dhamana. Asiyebeba hatari ya kitu hana haki ya faida yake.

Wala madhara ya riba hayamwishii yule aliyetia sahihi. Mwenye nyumba wetu, baada ya miezi michache ya kutoa fedha mfukoni, afanye nini? Atapandisha kodi. Chumba cha shilingi 50,000 kitakuwa shilingi 60,000. Mama lishe anayekaa katika chumba hicho hakukopa kitu kwa mtu, lakini kila mwezi shilingi 10,000 za jasho lake zinakwenda kulipa riba ya mkopo asioujua. Kisha mwenye nyumba, kwa kuwa amebanwa, atadai kodi ya miezi sita mara moja. Hiyo ni shilingi 360,000. Mama lishe hana fedha hizo. Ataenda kwa wale wakopeshaji wa mtaani ambao watu wenyewe wameuita mkopo wao "kausha damu". Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Hata kikomo hicho, kikihesabiwa kwa miezi 12 juu ya mtaji ule ule, ni asilimia 42 kwa mwaka, na wasio na leseni hutoza zaidi ya hapo. Basi tazameni: riba moja imeingia nyumbani kwa mlango wa mwenye nyumba, ikazaa riba ya pili katika chumba cha mpangaji. Ndiyo sababu Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Jabir, hakumlaani mla riba peke yake. Aliwalaani pia anayemlisha, anayeiandika, na mashahidi wawili, akasema kwamba wote hao ni sawa. Riba ni kazi ya mikono mingi, na huumiza watu wengi.

Pwani yetu inaijua habari hii tangu zamani. Katika Unguja na Pemba, wenye mashamba ya mikarafuu walikopa fedha kwa kuweka mashamba yao rehani. Kwa kuwa riba ilikuwa haramu, baadhi ya mikataba iliandikwa kwa sura ya mauzo: mwenye shamba "aliuza" shamba kwa sharti la kulikomboa, kisha akabaki ndani yake akilipa "kodi" iliyokuwa riba kwa jina lingine. Bei ya karafuu ilipoanguka, mashamba yakawa mikononi mwa wadai, na mwaka 1934 Serikali ya Zanzibar ya wakati huo ililazimika kuingilia kati kwa sheria za kuzuia mashamba yasitoke mikononi mwa wenyewe kwa ajili ya madeni. Hila ile ile ipo leo katika mitaa yetu. Mtu anataka kukopa milioni mbili, anaambiwa atie sahihi karatasi ya mauziano ya nyumba yake, "kwa usalama tu". Akichelewa kulipa, karatasi hutolewa, na nyumba ya milioni 30 imeuzwa kwa milioni mbili. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nani aliyedanganywa katika mkataba huo? Mola wetu hadanganyiki kwa jina la mauziano.

Nasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na ninyi na Waislamu wote. Basi mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, haitoshi kumwambia mtu kwamba mlango huu umefungwa bila kumwonyesha mlango ulio wazi. Uislamu haukukataza kupata nyumba kwa fedha za mwingine, bali umeweka njia ambazo mwenye fedha na mwenye haja hubeba mzigo kwa haki.

Njia ya kwanza ni ushirika. Turudi katika nyumba yetu ya vyumba sita, na tuseme imegharimu shilingi milioni 30. Mjenzi ana milioni 10, na mwenye fedha anatoa milioni 20. Nyumba ni ya wote wawili, theluthi moja kwa mbili. Kodi ikiwa shilingi 300,000, mjenzi hupata 100,000 na mshirika 200,000. Vyumba vitatu vikibaki vitupu, kodi ni 150,000, na mgawo ni 50,000 kwa 100,000. Paa likiezuliwa, kila mmoja hulitengeneza kwa kadiri ya fungu lake. Na mjenzi akijaliwa fedha, hununua fungu la mwenzake kidogo kidogo mpaka nyumba nzima iwe yake. Wataalamu wa fedha za Kiislamu huuita mpango huu ushirika unaopungua. Mwenye fedha amepata faida, tena faida nzuri, lakini ameipata pamoja na nyumba: nyumba ikishiba ameshiba nayo, na ikipata njaa ameonja njaa hiyo.

Njia ya pili ni kuuziana kwa bei inayojulikana, yaani murabaha. Mfadhili hununua nyumba au vifaa vya ujenzi, saruji, nondo na mabati, vikawa mali yake na vikiwa katika dhamana yake, kisha akamuuzia mjenzi kwa bei iliyotajwa, pamoja na faida iliyotajwa, ilipwe kwa awamu. Bei hiyo haipandi baada ya mkataba. Njia ya tatu ni ijara, ambayo mfadhili humiliki nyumba na kuipangisha, kisha mpangaji akaja kuimiliki kwa mkataba wa pekee.

Katika nchi yetu njia hizi zimekwisha anza. Amana Bank, iliyofunguliwa mwaka 2011, ndiyo benki ya kwanza nchini kuendesha shughuli zake zote kwa misingi ya sharia, na benki nyingine zimefungua madirisha ya namna hiyo. Lakini nawatahadharisha, jina la Kiarabu halihalalishi mkataba. Kabla ya kutia sahihi, muulize mfadhili maswali matatu. Je, utaimiliki nyumba au vifaa hivi kweli, hata kwa siku moja, kabla ya kuniuzia? Je, vikiharibika vikiwa mikononi mwako, hasara ni ya nani? Je, nikichelewa kulipa kwa dhiki, deni langu litaongezeka na kuwa faida yako? Akikujibu kwa uwazi, mwendee mwanachuoni umwonyeshe karatasi. Akikwepa maswali, nawe mkwepe. Tena piga hesabu ya jumla utakayolipa, kwani mkataba halali nao waweza kuwa mzito kuliko mabega yako.

Njia ya nne ni ya zamani, na watu wa kipato kidogo huiweza zaidi: kuunganisha akiba. Wakazi wa Kurasini walipoondolewa kupisha upanuzi wa bandari, baadhi yao waliungana, wakaweka akiba pamoja, wakanunua ardhi Chamazi na kuanza kujenga. Ndugu watatu wa tumbo moja, au majirani kumi wa msikiti mmoja, wanaweza kununua kiwanja kwa pamoja na kujenga nyumba moja baada ya nyingine. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini waandike. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura al-Baqara, aya ya 282, kuandika madeni na kuweka mashahidi, na wangapi wamefarakana na ndugu zao kwa sababu waliona haya kuandika?

Sasa nawahutubia watu wanne, kila mmoja kwa jambo lake.

Kwanza, mume mwenye nyumba. Usiiweke rehani nyumba ya familia kwa siri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imekataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inadai ridhaa hiyo. Dini imekwisha tangulia kukukataza khiyana. Mke anayegundua deni siku dalali wa mnada anapopaka rangi ukuta wa nyumba yake amekhiniwa mara mbili, na mumewe na mkataba. Mshirikishe tangu mwanzo, maana huenda akawa na hesabu nzuri kuliko yako.

Pili, aliye tayari ndani ya deni la riba. Asikate tamaa na rehema ya Mola wake, wala asilikimbie deni. Mtaji aliouchukua ni amana ya watu, na mikataba ina sheria zake. Atubu, asiongeze mkopo juu ya mkopo, aende mapema kwa mdai kuzungumza kabla hajashindwa, na apunguze deni kwa kila shilingi inayopatikana, kwani tumekwisha ona kwamba katika miaka ya mwanzo riba ndiyo inayokula malipo. Akiweza kuuza kitu kisicho cha lazima ili atoke, na auze. Wahenga wamesema, kukopa harusi, kulipa matanga, na pia wamesema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Tena aandike wasia ulio wazi. Tunajua kutoka katika Sura an-Nisaa kwamba warithi hawagawani mali mpaka madeni yalipwe, na tunajua kutoka katika hadithi ya Salama bin al-Akwa' kwamba Mtume (S.A.W.) alijizuia kumsalia maiti mwenye deni asiyeacha cha kulipia, mpaka Abu Qatada alipojitolea kulibeba. Ikiwa deni la kawaida lina uzito huo, basi na tuliogope deni linalokua usiku tumelala.

Tatu, mkopeshaji. Wamo miongoni mwetu, katika safu hizi, wanaokopesha majirani zao kwa riba ya kausha damu, kisha Ijumaa wakasimama bega kwa bega na wale waliowakausha. Mwenyezi Mungu, katika aya za 278 na 279 za Sura al-Baqara, amewaamuru waumini waache riba iliyobaki, na wasioiacha amewatangazia vita kutoka kwake na kwa Mtume wake. Dhambi chache zimetajwa kwa kitisho cha namna hiyo. Lakini mlango wa toba umewekwa hapo hapo: mwenye kutubu anarudishiwa mtaji wake, bila kudhulumu wala kudhulumiwa. Na mdeni akiwa katika dhiki, aya ya 280 inaagiza angojewe mpaka apate nafasi, na kumsamehe ni kheri zaidi. Mtume (S.A.W.) alipoifuta riba katika hija yake ya kuaga, alianza na riba ya ami yake mwenyewe, Abbas bin Abdul-Muttalib. Nasi tuanze majumbani mwetu.

Nne, mwenye nyumba anayepangisha. Yeye aliyejenga bila deni ana neema ambayo mwenzake hana, maana hana wa kumsukuma kila mwisho wa mwezi. Basi na aishukuru neema hiyo kwa vitendo. Mpangaji asiye na kodi ya miezi sita, akubaliwe alipe ya mwezi mmoja mmoja au miwili miwili. Kwa kufanya hivyo hapotezi kitu, na amemwokoa Mwislamu mwenzake asipite katika mlango wa kausha damu. Hiyo ni sadaka isiyomgharimu hata senti. Naye mpangaji mwenye uwezo asicheleweshe kodi kwa makusudi, kwani Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kuchelewesha haki hali una uwezo ni dhuluma.

Na ninyi wanafunzi mnaosikiliza nyumbani na shuleni, jifunzeni hesabu za faida, riba na ushirika kama mnavyojifunza hesabu za mirathi. Wazazi wenu wengi wametia sahihi karatasi wasizoweza kuzisoma. Chukueni kalamu, waketini pembeni, na muwahesabie jumla ya malipo kabla sahihi haijatiwa. Huo ni wema kwa wazazi.

Enyi Waislamu, nyumba iliyochukua miaka 12 kwa fedha ya halali haikuchelewa. Mwenye nyumba hiyo hulala akisikia mvua juu ya bati, asiwe na hofu ya mtu wa kumgongea asubuhi, na siku atakapotolewa humo kwa jeneza wanawe watarithi nyumba, hawatarithi kesi.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako. Ewe Mola wetu, wafungulie wenye madeni njia za kulipa, na zilainishe nyoyo za wanaowadai. Ewe Mola wetu, wape makazi wasio na makazi, zibariki nyumba zilizojengwa kwa jasho la halali, na uzirekebishe zile zilizoingiwa na riba kwa toba ya wenyewe. Wasamehe wazazi wetu waliotujengea, wahurumie wajane na mayatima wanaokaa katika nyumba za urithi, na uwaongoze viongozi wetu kwenye uadilifu. Ijaalie nchi yetu amani, na utujaalie sote mwisho mwema na makazi mema huko Akhera. Amin.

Simamisheni sala.